Pikapu ya zamani: jua kilicho chini yake kabla ya kwenda kununua oili

Mwaka wa kwanza nilipoinunua Hilux yangu, nilishuka nayo kutoka Amani kuelekea Muheza wakati wa masika, nyuma nimebeba magunia ya mdalasini na pilipili manga. Barabara ilikuwa tope tupu, nikavuta kijiti cha transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenda H4, yaani tairi nne. Kwenye tope gari lilikwenda. Kila nilipofika sehemu ngumu yenye mawe, usukani ulikaza, gari likaanza kushtuka kama linalovutwa na watu wawili wanaogombana, na chini kukasikika mlio wa chuma unaoniuma mpaka leo nikiukumbuka.

Fundi wangu wa Ngamiani, Tanga, alilala chini nusu saa, akainuka na jibu. Mwenye gari aliyenitangulia aliua difu ya nyuma, yaani gea zilizo katikati ya ekseli zinazozigawia tairi nguvu, akaweka ya mtumba. Iliingia bila shida, bolti zote zikakaa. Lakini difu ya mbele ilikuwa na meno 41 kwa 9, na hiyo ya nyuma 41 kwa 10. Yaani mbele na nyuma zilikuwa zinataka kwenda kwa mwendo tofauti kwa asilimia 11, na transfa katikati ndiyo iliyokuwa inateseka. Hata mshale wa spidi ulikuwa unanidanganya: ukisema 60, nilikuwa nakwenda karibu 67.

Tangu siku ile nimeshikilia jambo moja, na ndilo ninaloandika hapa: pikapu ya miaka thelathini siyo tena gari lililotoka kiwandani. Ni mkusanyiko wa vitu. Ukienda dukani ukasema "nipe oili ya Hilux", unamnunulia oili gari lililopo kwenye kitabu, siyo lililopo uani kwako. Kwanza tambua kilichopo, kisha nunua.

Nitatumia zaidi mfano wa Hilux LN106 kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Isuzu na Nissan nitazigusa pale zinapotofautiana kwa namna inayoweza kukugharimu.

Hatua ya kwanza: soma bati

Fungua boneti utafute bati dogo la chuma ndani ya chumba cha injini. Limepigwa chapa ya modeli, namba ya chesisi, injini, rangi, na mstari mmoja ulioandikwa TRANS/AXLE. Sugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie msasa, maana ukifuta hizo herufi hutazipata tena.

Kwa Toyota herufi za mwanzo zinasema mengi. N ni ukoo wa Hilux. Herufi iliyotangulia ni ukoo wa injini: L ni dizeli za 2L, 3L na 5L, R ni petroli kama 22R, Y ni petroli za ukoo wa Y. Kwa hiyo LN85 ni dizeli inayovuta kwa tairi za nyuma tu, LN106 ni dizeli ya tairi nne yenye ekseli nzima mbele, na LN167 ni ya tairi nne iliyokuja kuanzia mwaka 1997, ambayo mbele haina ekseli nzima. Kwa Isuzu za zamani, TFR ni ya tairi mbili na TFS ni ya tairi nne.

Kwenye TRANS/AXLE utaona kitu kama G52 au W56, halafu alama ya mkwaju (/), halafu kodi ya ekseli. Ya kwanza ni gea boksi. Ya pili inabeba ukubwa wa difu na uwiano wake, yaani propela inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja.

Piga picha bati hilo kwa simu. Lakini kumbuka linakwambia gari lilivyozaliwa. Bati la gari langu lilikuwa sahihi kabisa na halikunisaidia kitu siku ile ya Amani.

Hatua ya pili: lala chini ufuate nguvu inakopita

Osha chini ya gari siku moja kabla. Sisi wa Tanga tuna tatizo letu: chumvi. Pikapu inayobeba samaki kutoka Deep Sea au Sahare huwa na maji ya chumvi yanayotiririka kutoka kwenye bodi hadi kwenye chesisi na nati, na barabara za pwani zinaongeza mchanga. Usipoosha hutaona namba wala hutajua oili inavuja wapi.

Egesha mahali tambarare pagumu, weka vigingi vya mawe au mbao kwenye tairi. Ukinyanyua gari, liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama fundi wako anafanya hivyo kila siku.

Sasa anza mbele urudi nyuma. Injini, kisha nyumba ya klachi, kisha gea boksi. Kama gari ni la tairi nne, nyuma ya gea boksi kuna boksi jingine, hiyo ndiyo transfa, na kutoka kwake zinatoka propela mbili, zile shafti ndefu za kupeleka nguvu: moja inarudi nyuma, nyingine inakwenda mbele. Gea boksi na transfa za Hilux zimeungana mwili mmoja lakini kila moja ina oili yake na nati zake za kujazia na kumwagia. Nimewahi kuona gari ambalo transfa ilikuwa kavu kwa sababu kila aliyelihudumia alijaza gea boksi akadhani amemaliza.

Fuata propela hadi kwenye difu. Difu ya nyuma ya Hilux ina mgongo wa mviringo usiofunguka, na kichwa chake kinatolewa kwa upande wa mbele, pale propela inapoingia. Pikapu nyingine zina mfuniko wa bati wenye bolti upande wa nyuma. Ukikuta mfuniko wa namna hiyo chini ya gari linaloitwa Hilux, ujue ekseli nzima ni ya mgeni, na hapo usiamini kitabu chochote mpaka ujue imetoka gari gani.

Mbele, tazama kama kuna ekseli nzima kutoka tairi hadi tairi, juu yake springi za majani. Hiyo ni ya LN106 na ndugu zake. Mwishoni mwa ekseli, karibu na tairi, utaona tufe la chuma linalong'aa kwa grisi, usukani ukizungushwa linafichwa na kufunuliwa. Kama badala yake unaona shafti mbili fupi zenye mipira yenye mikunjo, hiyo ni mbele huru. Kote kuwili, difu ya mbele haiko katikati, imesogea upande, usishtuke.

Kila sehemu ukiitambua, iandikie kwa chaki: "gea", "transfa", "difu". Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini mikono ikishachafuka na taa ikiwa hafifu, nati zote zinafanana.

Hatua ya tatu: hesabu uwiano wa difu

Hapa ndipo ningependa usiruke. Inachukua robo saa na haihitaji kufungua kitu.

Weka vigingi kwenye tairi za mbele. Gea iwe nyutro, transfa iwe H2 (tairi mbili), hendibreki iachiwe. Nyanyua tairi moja tu la nyuma uweke stendi, jingine libaki limekanyaga ardhi. Chora alama ya chaki kwenye tairi lililo hewani, na nyingine kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Tunazungusha miwili kwa sababu tairi la pili limesimama. Difu inagawa, kwa hiyo mizunguko miwili ya tairi moja ni sawa na mzunguko mmoja wa krauni, ile gea kubwa ya ndani ya difu.

Propela ikizunguka mara nne na kidogo sana, difu yako ni 4.10. Ikizunguka nne na nusu na kitu, ni 4.556. Ikikaribia tano, ni 4.875. Kati ya 4.10 na 4.30 jicho linaweza kukosea, kwa hiyo zungusha tairi mara ishirini. Kwa 4.10 propela itazunguka mara 41, kwa 4.30 mara 43, kwa 4.556 mara 45 na nusu. Hapo hakuna kubahatisha.

Kama tairi lililo hewani linagoma kuzunguka, huenda difu yako ni ya kubana, ile inayozuia tairi moja kuteleza peke yake. Liandike hilo kwa herufi kubwa, maana linabadilisha oili ya kununua. Kwa difu hiyo nyanyua tairi zote mbili za nyuma, zungusha tairi mzunguko mmoja tu, hesabu propela.

Halafu hamia mbele. Sasa vigingi viende nyuma, funga habu za mbele (vifungio vilivyo katikati ya tairi) ziwe LOCK, transfa ibaki H2, nyanyua tairi moja la mbele, urudie hesabu ile ile. Mbele na nyuma zikitofautiana, usiingize tairi nne tena mpaka urekebishe. Hakuna oili itakayotibu hilo.

Hatua ya nne: oili iliyomo ndani ikwambie historia yake

Endesha gari nusu saa ili oili ipate joto, kisha urudi chini. Na hii ni sheria: legeza nati ya kujazia kabla hujagusa ya kumwagia. Pwani nati hizi hushikwa na kutu. Ukimwaga kwanza, halafu ya kujazia ikagoma au ikaliwa pembe, unabaki na gari lisilo na oili na usiloweza kulijaza. Mimi lilinikuta Pangani, nikalala huko usiku mbili nikisubiri mchomeleaji. Paka mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, tumia soketi namba 24 yenye pembe sita, spana ya kurekebisha iache nyumbani.

Chomeka kidole kwenye tundu la kujazia. Oili inatakiwa iguse ukingo wa chini wa tundu. Kisha mwaga kwenye beseni safi, siyo kwenye mchanga, kwa sababu unataka kuisoma.

Nyeusi yenye harufu kali ya kiberiti: ni ya zamani tu, kawaida. Yenye rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Sababu ya kwanza ninayoitafuta ni pumzi ya difu, kile kifuniko kidogo juu ya ekseli au mrija wake. Difu ikiwa na joto halafu ikaingia kwenye maji ya mto, hewa ndani hupoa na kusinyaa, na kama pumzi imeziba kwa tope, maji hunyonywa kupitia sili. Kubadilisha oili bila kusafisha pumzi ni kujaza maji mapya mvua ijayo.

Angalia sumaku kwenye nati ya kumwagia, kama ipo. Ujiuji wa kijivu laini kama poda ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino au beringi, na hapo acha kununua oili, ita fundi.

Kwenye LN106 angalia pia yale matufe ya mbele. Kama yanatoa supu nyeusi nyepesi badala ya grisi nzito, sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu inaingia kwenye grisi na kuiyeyusha. Wengi huongeza grisi kila mwezi na kushangaa kwa nini difu ya mbele inakauka. Ni ugonjwa mmoja.

Hatua ya tano: kuchagua

Dukani utaambiwa "tisini" na "mia na arobaini". Hizo ni uzito tu, yaani unene wa oili. Kitu kinachotenganisha oili ya gea boksi na ya difu ni maandishi mengine kwenye galoni: API GL-4 au GL-5.

Ndani ya difu, pinioni, gea ndogo inayozungushwa na propela, haikutani na krauni katikati; iko chini yake kidogo, na meno yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Oili ya kawaida hukamuliwa pale na chuma kikabaki kikigusa chuma. GL-5 ina dawa nyingi za kiberiti na fosforasi zinazotengeneza utando juu ya jino. Kwa hiyo difu, mbele na nyuma, ni GL-5. Hapo hakuna mjadala. Uzito ni 90, au 80W-90. Toyota wanataka uzito mwepesi zaidi kwa baridi ya chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na hata Lushoto mwezi Julai haikaribii huko. Difu ya kubana inahitaji GL-5 iliyoandikwa kwamba inafaa LSD, ndiyo jina la difu hiyo, la sivyo itakuwa inanguruma kwenye kona.

Gea boksi ni habari nyingine. Ndani yake kuna pete za shaba nyeupe, za kulinganisha mwendo wa gea kabla hazijaingiana. Pete hizi zinahitaji kushika kidogo, na shaba haipendi kiberiti kingi chenye joto. GL-4 ina takribani nusu ya dawa ile. Kitabu cha Toyota kwa gea boksi nyingi za miaka ile kinaruhusu GL-4 au GL-5, uzito 75W-90. Mimi kwa gea boksi yenye umri huu naweka GL-4, kila mara. Gea ya pili iliyokuwa ikinikwaruza asubuhi ilitulia baada ya kuondoa GL-5 nyeusi niliyoikuta. Transfa ya Hilux inakubali oili hiyo hiyo ya gea boksi, kwa hiyo nunua pamoja.

Kuhusu 140: kuna mafundi wanaiweka kwenye gea boksi iliyochakaa ili inyamaze kelele. Inanyamaza, kweli. Lakini gea zinakuwa ngumu gari likiwa baridi, na beringi iliyokuwa ikikuonya inaendelea kufa kimyakimya. Kwenye difu ya nyuma iliyochakaa inayobeba machungwa mazito, 85W-140 ya GL-5 naielewa. Kwenye gea boksi siikubali.

Usitishwe pia na namba 90 ukidhani ni nzito mara mbili ya oili ya injini namba 40. Vipimo vyake ni viwili tofauti. Gea 90 ikipata joto inakaribiana na oili ya injini ya 40 hadi 50.

Na hapo ndipo Isuzu inapowakamata watu. Gea boksi za kawaida za TFR na TFS za zamani zilitengenezwa zitumie oili ya injini, siyo oili ya gea. Mwenye Isuzu akimsikiliza rafiki yake mwenye Hilux atajaza oili isiyo yake. Transfa nyingi za Nissan za kipindi cha pikapu ya D21 nazo hutumia ATF, ile nyekundu, ambayo pia ndiyo ya pawa stelingi ya Hilux. Dukani itaje kwa jina, ATF ya Dexron. Ukisema tu "hidroliki" unaweza kupewa oili ya trekta.

Kwa LN106 nzima mimi nanunua lita nne za GL-4 kwa gea boksi, mbili kwa transfa, na lita tano za GL-5 kwa difu zote mbili. Kinachobaki ni cha kuongezea. Kagua galoni: lakiri ya kifuniko isiyoguswa, na maandishi ya API yanayosomeka. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina siiweki kwenye difu.

Injini ya 3L inatosheka na 15W-40 ya dizeli. Rejeta iwekewe kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, yanakula alumini na kujenga magamba.

Breki na klachi zinatumia kimiminika cha DOT 3 au DOT 4. Hivi viwili vinachanganyika. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na chochote. DOT 3 mpya inachemka si chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu wa hewa inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima, na mteremko wa Lushoto hadi Mombo ni mrefu. Natumia DOT 4 na nabadilisha yote kila baada ya miaka miwili. Tone la oili ya injini au ATF likiingia kwenye tangi la breki, mipira yote huvimba, kwa hiyo faneli ya breki iwe ya breki peke yake.

Hatua ya sita: kujaza

Safisha nati, weka washa mpya, funga ya kumwagia. Jaza kwa pampu ya mkono au mpira mrefu wa kutoka juu mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limekaa sawa. Subiri iache kuchuruzika, funga. Usijaze gari likiwa limenyanyuliwa upande mmoja, utapata kipimo cha uongo.

Kabla hujatoka chini, piga grisi krosi (viungo) zote za propela na pale propela inapoteleza ndani ya mwenzake. Endelea mpaka grisi chafu itoke na mpya ianze kuonekana. Kwenye krosi na beringi za tairi natumia grisi ya lithiamu namba 2. Kwenye matufe ya mbele, ile nyeusi yenye molibdeni. Ukipita kwenye maji ya chumvi, grisi krosi siku hiyo hiyo.

Oili chafu irudishe kwenye galoni uwapelekee wanaoikusanya. Usiimwage uani. Mtaani kwetu kisima kiko hatua ishirini kutoka gari linapoegeshwa.

Chukua kipande cha boksi kikubwa, kitandaze chini ya gari kuanzia gea boksi hadi difu ya nyuma, ulale. Asubuhi kisome: doa jekundu ni stelingi, la rangi ya asali ni gea au difu, jeusi ni injini, lisilo na rangi linalobabua rangi ya gari ni breki. Kama boksi ni kavu, endesha wiki moja, kisha fungua tena nati za kujazia, chomeka kidole, na uandike tarehe na kilomita kwenye daftari pamoja na uwiano wa difu zako. Langu liko kwenye droo ya dashibodi, ukurasa wa kwanza umeandikwa: mbele 4.556, nyuma 4.556, imehesabiwa kwa mkono.